Neno "Nafasi" katika Zaburi ya 4: Tafakari juu ya Dhiki, Faraja na Mahubiri Yetu

Makala haya yanahusu neno moja tu. Katika aya ya kwanza ya Zaburi ya 4, Biblia ya Union Version iliyotolewa mwaka 1952 inamwonyesha mwimbaji akimshuhudia Mungu kwamba alimfanyizia nafasi wakati wa shida. Zaburi hii ni sala ya usiku tangu zamani. Wamonaki waliofuata kanuni ya Benedikto waliisali kila siku kabla ya kulala, kwa sababu inamalizika kwa mtu anayejilaza na kupata usingizi kwa amani. Wakristo wengi wa Afrika Mashariki nao wameizoea tangu utotoni. Hata hivyo tunadiriki kusema kwamba ni wachache leo wanaolisikia neno "nafasi" kama watafsiri walivyolikusudia, na kwamba upungufu huo unawaumiza watu ambao zaburi iliandikwa kwa ajili yao, yaani wenye dhiki.

Tunakusudia kuonyesha mambo matatu: kwanza, neno hili lina maana gani katika Kiebrania na katika Kiswahili, pili, Zaburi ya 4 yenyewe inalieleza namna gani, na tatu, mahubiri yetu yamelitendea nini. Hoja yetu kwa ufupi ni hii: nafasi inayotajwa hapa ni upenyo wa kupumua ambao Mungu humpa mtu akiwa bado ndani ya dhiki yake. Si cheo, si bahati, wala si maneno matupu ya kuliwaza.

1. Neno lilivyosikika na linavyosikika

Mtu akichelewa ibada akakuta benchi limejaa, mzee wa kanisa huwaomba waliokaa wasogee wampe nafasi. Mtu akialikwa na jirani, hujibu kwamba akipata nafasi atafika. Katika matumizi hayo mawili, la mahali na la wakati, neno linashika maana yake ya msingi: pana uwazi, hapana kinachosukuma wala kubana. Lakini yapo matumizi ya tatu ambayo yamekua sana, nayo ndiyo yanayotangulia masikioni mwa kijana wa leo: nafasi za kazi, nafasi za masomo, nafasi za uongozi. Hapo nafasi ni kitu cha kugombewa. Wanaoomba ni wengi, anayepata ni mmoja, na huyo amepata kwa sababu wenzake wamekosa.

Kitenzi kilichoambatana na neno hilo kimepatwa na mabadiliko makubwa zaidi. Watafsiri walitumia "kufanyizia" kwa maana ya kumtengenezea mtu kitu kwa bidii na kwa faida yake. Siku hizi, katika mazungumzo ya kawaida, kumfanyizia mtu mara nyingi ni kumtendea ubaya: kumpangia hila, au hata kumroga. Basi kijana akiisoma aya hii bila kufafanuliwa, anakutana na vizuizi viwili katika maneno mawili. Kitenzi kinamdokezea hila na nomino inamdokezea ajira. Si ajabu akiipita haraka, au akiipokea kwa maana atakayopewa na mhubiri wa kwanza.

Mtafsiri wa leo atavutwa kuliondoa neno hilo na kuweka "kusaidia" au "kupumzisha". Hatumlaumu anayefanya hivyo, maana msomaji ataelewa mara moja. Lakini kuna kitu kitakachopotea. Msaada waweza kuwa wa namna yoyote, na pumziko laweza kuwa la mtu aliyechoka tu. Neno la zaburi ni picha ya mtu aliyebanwa ukutani, kisha ukuta ukasogezwa.

2. Kiebrania, na maneno yaliyo jamaa

Shida inayotajwa katika aya hii (aya ya 2 katika Biblia ya Kiebrania) ni tsar, neno lenye maana ya wembamba, mahali pafinyu panapombana mtu. Tendo la Mungu linaelezwa kwa kitenzi cha mzizi wa rachav, kuwa pana. Hapa kikiwa katika umbo la kutendesha: umenipanulia. Watafsiri wa Kiyunani katika Septuaginta waliishika picha yote, wakaweka thlipsis, yaani msongo, na kitenzi cha kupanua. Vulgata ya Kilatini ikafuata, na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ikafanya vivyo hivyo, ingawa kwa Kiingereza chake anayepanuliwa ni mtu mwenyewe.

Mzizi huo wa upana unaonekana mahali pengi. Katika Mwanzo 26 watumishi wa Isaka walichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakakigombea, nacho kikaitwa Eseki. Walichimba cha pili, kikagombewa tena, kikaitwa Sitna. Isaka akaondoka hapo, wakachimba cha tatu ambacho hakikugombewa, akakiita Rehobothi kwa kuwa sasa Bwana amewapa nafasi. Jina hilo linatokana na upana huohuo wa Zaburi ya 4, na Union Version inatumia neno nafasi hapo pia. Tuangalie vema habari hii: nafasi ya Isaka haikupatikana kwa kumshinda mtu. Ilipatikana pale ugomvi ulipokoma na maji yakawatosha wote. Ni kinyume kabisa cha nafasi ya kugombewa tuliyoitaja hapo juu.

Upande wa Kiswahili nao una utajiri wake. Dhiki ni neno lililotoka katika Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni wembamba. Faraja linatokana na mzizi wenye maana ya kupasua, kufungua, kuacha mwanya. Ndiyo maana methali yetu inayosema "Baada ya dhiki faraja" ni picha moja kamili, mwembamba kisha mwanya. Nafasi lina uhusiano na neno la Kiarabu la pumzi, na Kiarabu kina kitenzi cha mzizi huohuo chenye maana ya kumpunguzia mtu taabu iliyomkaba. Nafsi ni jamaa yake, kama vile nefesh ya Kiebrania, ambayo mara nyingine ni koo lenyewe linalopitisha pumzi. Mwimbaji wa Zaburi ya 69 anayelia kwamba maji yamefika nafsini mwake analia kwamba yamefika shingoni.

Jamaa mwingine tunamtamka kila siku bila kumtambua. Mtoto akimwamkia mkubwa, mkubwa huitikia "marahaba". Neno hilo limetoka katika salamu ya Kiarabu ya kumkaribisha mgeni, nayo ni ya mzizi uleule wa upana unaolingana na rachav ya Kiebrania. Asili yake ni kumwambia aliyefika kwamba hapa ni pana, nafasi yake ipo.

Hapa hatuna budi kujizuia. Mwaka 1961 James Barr alitoa kitabu chake juu ya maana za maneno katika lugha ya Biblia, akawakosoa vikali wanateolojia wanaochimba mizizi ya maneno na kuhubiri mizizi badala ya maneno. Asili ya neno haituambii kwa lazima maana yake leo. Mzee anayeitikia marahaba hafikirii upana wa mahali. Tunalikubali onyo hilo. Kwa hiyo hatuegemei mizizi peke yake, bali matumizi yaliyo hai. Msemaji wa Kiswahili bado husema amebanwa, amesongwa, hali imembana. Mambo yakipungua uzito husema sasa anapumua, kifua kimefunguka. Picha ya zaburi ni picha yetu, iwe tunajua Kiarabu au hatujui.

Ni vema tumkumbuke hapa Karl Roehl, mmisionari Mjerumani ambaye Biblia yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1937, naye alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu ili Wakristo wa bara wasome maneno ya Kibantu. Nia yake ilikuwa ya kichungaji, na tunaiheshimu. Lakini mfano wetu unaonyesha kwamba asili ya neno si kipimo pekee cha ufaafu wake. Dhiki, faraja na nafasi yamekwisha kupata uraia katika Kiswahili, nayo yanaibeba picha ya Kiebrania kwa namna ambayo lugha nyingi za Ulaya hazikuweza.

3. Luther katika ngome ya Coburg

Martin Luther alipoitafsiri aya hii hakutumia neno la upana. Aliandika kwamba Mungu humfariji katika Angst, na katika Zaburi 118:5, ambapo picha ni ileile, alifanya vivyo hivyo. Je, aliipoteza picha? Jibu tunalo katika ufafanuzi wake wa Zaburi ya 118, alioutunga mwaka 1530 katika ngome ya Coburg.

Mazingira yake yanafaa kukumbukwa. Wenzake walikuwa Augsburg wakiikiri imani mbele ya Kaisari. Yeye, aliyekuwa chini ya hukumu ya kufukuzwa tangu Worms mwaka 1521, hakuweza kwenda. Ilimlazimu kungoja barua ngomeni. Mwanzoni mwa mwezi Juni alipata habari kwamba baba yake, Hans, amefariki. Veit Dietrich, aliyekuwa naye kama katibu, alisimulia kwamba Luther alichukua Zaburi yake, akaingia chumbani, akalia sana.

Katika ufafanuzi wa aya ya 5, Luther anaeleza kwamba neno la Kiebrania la dhiki lina maana ya kitu chembamba, na anadhani kwamba Angst la Kijerumani nalo limetoka katika neno la wembamba. Anaeleza jinsi majaribu yanavyobana na kusonga hata ulimwengu mzima ukaonekana mdogo. Kisha anasema kwamba mahali papana ni kinyume chake, nako ni kufarijiwa na kusaidiwa. Kwa hiyo Luther aliijua picha, akaiweka ndani ya neno la faraja. Na tuone kwamba ameyaunganisha mambo mawili, faraja na msaada. Kwake kufarijiwa si kuambiwa maneno mema huku ukuta ukibaki pale pale.

Hatuna sababu ya kumtetea Luther juu ya tafsiri ya Kiswahili iliyofuata njia nyingine. Kwa maoni yetu Union Version imefanya vizuri zaidi hapa kuliko Biblia ya Kijerumani, kwa sababu imeweka mbele ya msomaji picha ambayo Luther alilazimika kuieleza katika ufafanuzi.

4. Nafasi ya namna gani?

Sasa tuiulize zaburi yenyewe. Mwimbaji amepatwa na nini? Aya ya 2 inajibu: utukufu wake umegeuzwa kuwa fedheha, na watu wanapenda uongo. Dhiki yake ni ya mtu aliyesingiziwa. Anayejua maisha ya kijiji au ya usharika anajua wembamba wa namna hiyo. Aliyechafuliwa jina hana pa kupita: kisimani watu hunyamaza akifika, kanisani hutazamana. Nyumba yake inakuwa ndogo.

Mbele ya uongo huo mwimbaji anamwita Mungu kuwa ni Mungu wa haki yake. Kwa Mlutheri hapa ndipo penye kiini. Mwenye kusingiziwa hana ushahidi wa kutosha wa kujitetea. Haki yake imewekwa kwa Mungu. Ikiwa haki yangu i mikononi mwangu, kila neno la mshitaki linanibana. Ikiwa i mikononi mwa Mungu, mshitaki aweza kuendelea kusema, lakini hawezi kuifikia. Nafasi anayoishuhudia mwimbaji ni tunda la haki hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa dhamiri inayoshitakiwa na sheria: haipati kupumua kwa kupunguza idadi ya dhambi zake, bali kwa kuhesabiwa haki na mwingine.

Kisha aya ya 6 inawataja wengi wanaouliza ni nani atakayewaonyesha mema. Na aya ya 7 inatoa kauli ambayo kila mhubiri wa zaburi hii angepaswa kuishika: Mungu ametia moyoni mwa mwimbaji furaha ipitayo ile ya watu wengine walipozidishiwa nafaka na divai. Nafaka na divai ni za wengine. Ghala lililojaa si lake. Zaburi haisemi kwamba mavuno ni mabaya. Inasema tu kwamba nafasi aliyopewa mtu huyu haikupimwa kwa mavuno. Anayeifanya aya ya kwanza kuwa ahadi ya mali lazima aikatie zaburi kabla ya aya ya saba.

Mwisho, aya ya 8: anajilaza, anapata usingizi mara moja. Washitaki hawajaondoka. Hakuna mahali zaburi inaposema kwamba uongo umekanushwa hadharani. Alama ya nafasi ni kwamba mtu amelala usingizi.

5. Kutoka katika dhiki, na ndani ya dhiki

Msomaji aweza kutupinga kwa kusema kwamba zaburi nyingine zinaeleza waziwazi kutolewa katika dhiki. Ni kweli. Zaburi 18:19 na 31:8 zinamwonyesha mtu aliyeokolewa na kusimamishwa panapo nafasi. Katika Zaburi 118:5 Kiebrania kinatumia kihusishi min, yaani kutoka: mtu analia kutoka wembambani, anajibiwa upanani. Biblia inamjua Mungu atoaye watu katika shida zao, na Kanisa lisione haya kuomba hivyo.

Lakini Zaburi ya 4 ina kihusishi kingine, ba, yaani katika, ndani ya. Ndani ya wembamba umenipanulia. Methali yetu inaweka faraja baada ya dhiki, na ni hekima ya kweli inayowasaidia watu kuvumilia. Zaburi inaongeza jambo ambalo methali haikulisema. Mtu ambaye dhiki yake haitaisha leo, wala mwaka huu, na pengine si katika maisha haya, methali peke yake inamwacha akingoja. Zaburi inamwambia kwamba kuna upana unaoweza kuingia mahali alipo.

Ndiyo maana tuna shaka na tafsiri zinazoigeuza kauli hii kuwa ombi, kama ile ya Kiingereza iitwayo New International Version, ambayo mwimbaji wake anaomba apewe nafuu. Wako wataalamu wanaotetea usomaji huo, kwa kuwa kauli zinazozunguka ni za kuomba. Lakini umbo la kitenzi ni la jambo lililokwisha kutendeka, na Septuaginta imelielewa hivyo. Tofauti si ndogo. Mwimbaji hamwombi Mungu asiyemjua; anasimama juu ya nafasi aliyokwisha kupewa, na kutoka hapo anaomba tena.

Mtume Paulo anasema jambo hilohilo katika 2 Wakorintho 4:8, anapotumia maneno mawili yanayokaribiana mno: Union Version inasema "twadhikika", kisha "hatusongwi". La kwanza linatokana na thlipsis, neno lile la Septuaginta katika zaburi yetu. La pili ni la kukosa kabisa mahali pa kugeukia. Dhiki ipo pande zote, lakini haijafunga. Paulo haelezi kwamba dhiki imeondoka. Anaeleza uhai wa Yesu unaodhihirika ndani ya mwili unaobanwa.

6. Mahubiri yanayobana

Tukiyaweka hayo mbele yetu, tunaona makosa ya namna mbili katika mahubiri ya siku hizi.

La kwanza ni la wale wanaohubiri nafasi kuwa kupandishwa. Msikilizaji anaambiwa kwamba Mungu atamfanyizia nafasi ya kazi, ya safari, ya nyumba, na kwamba ishara ya imani yake ni kuipata. Wakati mwingine anaambiwa atangulize sadaka. Hatukatai kwamba kazi ni baraka. Asiye na kazi anabanwa kwelikweli, na kumwombea ni wajibu. Tunachokataa ni hukumu inayofuata pale asipopata. Mgonjwa asiyepona na mama asiyezaa wanaambiwa wachunguze imani yao. Walikuja na dhiki moja, wanaondoka na mbili. Elihu alimhubiria Ayubu namna hiyo katika Ayubu 36:16: alizungumzia mahali papana pasipo msongo na meza iliyojaa vinono, kisha katika aya inayofuata akamgeuzia hukumu. Picha ilikuwa nzuri na mafundisho yake yakawa kamba shingoni mwa mtu aliyekaa majivuni.

La pili ni kosa letu sisi wa makanisa ya zamani, nalo tunaliona kidogo kwa sababu ni la adabu. Tumeifanya faraja kuwa maneno. Katika ratiba ya mazishi huwekwa salamu za faraja, na kila kundi hupewa dakika zake. Mjane anaambiwa asilie, ajikaze, amshukuru Mungu. Anaambiwa kwamba sisi tulimpenda marehemu lakini Mungu amempenda zaidi. Wasemaji wana nia njema. Lakini aliyezuiwa kulia amenyang'anywa nafasi ndogo aliyokuwa nayo. Luther, daktari wa Maandiko, alipofiwa na baba yake aliingia chumbani na Zaburi akalia, na hakuna aliyesema kwamba amepungukiwa imani. Kitabu kilichomo chumbani mle kina nyimbo nyingi za maombolezo kuliko hotuba zetu zinavyoweza kustahimili.

Tena, matanga yakianuliwa watu hutawanyika. Ndugu wa marehemu wanapokuja kuulizia shamba na nyumba, walioleta salamu za faraja hawapo. Hapo ndipo ukuta unaposogea kumbana mjane. Na hapo ndipo inapojulikana kama faraja yetu ilikuwa mwanya au ilikuwa sauti tu. Usharika ambao wazee wake hufuatana na mjane hadi barazani, wakakaa naye na kushuhudia haki yake, umemfanyizia nafasi kwa maana kamili ya Union Version.

Paulo hakutenganisha mambo haya. Anapowahimiza Wakorintho juu ya changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, katika 2 Wakorintho 8:13, anazungumza juu ya nafuu ya hao na dhiki ya wale, akitaka pawe na ulinganifu. Mifuko ya sadaka imo katika fundisho la faraja. Na kabla ya kuomba changizo, katika sura ya 6 alikwisha kuwaambia kwamba moyo wake umepanuliwa kwao, akawasihi nao wapanuliwe. Mwenye moyo mwembamba hawezi kumpa mwingine nafasi, hata kama ana fedha.

7. Asiyepata nafasi

Neno nafasi linaonekana mahali pengine ambapo Mkristo yeyote anayesoma Kiswahili analijua, ingawa halihusishi na zaburi hii. Katika Luka 2:7 Mariamu anamlaza mtoto horini kwa kuwa hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Hatudai kwamba Luka alikuwa akiifikiria Zaburi ya 4. Kiyunani chake kinatumia neno jingine, la mahali. Lakini Biblia yetu imeyakutanisha maneno haya, na mhubiri anaruhusiwa kusimama pale lugha yake ilipomweka, mradi aseme wazi kwamba ni lugha yake.

Mungu anayewapa nafasi wenye dhiki alikuja mahali ambapo yeye mwenyewe hakupewa. Alisongwa na makutano, akasingiziwa mbele ya baraza, akatundikwa msalabani ambapo pumzi humkatikia mtu. Theolojia ya msalaba aliyoitetea Luther huko Heidelberg mwaka 1518 inatufundisha tusimtafute Mungu katika ukuu unaoonekana, bali katika mateso ya Kristo. Nafasi isiyojua msalaba itageuka kuwa nafasi ya kugombewa. Na faraja isiyojua msalaba itabaki kuwa ratiba.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba neno "nafasi" libaki katika Zaburi ya 4, na kwamba walimu wa Biblia, wainjilisti na wachungaji walieleze badala ya kulikwepa. Maelezo hayahitaji Kiebrania. Inatosha kumkumbusha msikilizaji benchi lililojaa na mzee wa kanisa anayewaomba watu wasogee. Kisha aambiwe kwamba Mungu amemfanyia hivyo tayari, angali amesimama mlangoni na mzigo wake, na kwamba waliokaa kwenye benchi nao wanaagizwa kusogea.